Kumsikiliza MF DOOM kwa mara ya kwanza: mwongozo kamili wa kuingilia mlango wa nyuma

Ukimwambia mpenzi wa hip hop kwamba hujawahi kumsikiliza MF DOOM, atakutumia albamu ya Madvillainy, atasema "utanishukuru", kisha atakuacha hapo hapo. Mimi nilitumiwa hivyo. Nilikuwa kwenye daladala, hedifoni upande mmoja imekufa. Nyimbo zinaanza na kukatika kabla sijajua nani anaongea, kiitikio hakuna, na sauti ya jamaa ni kama ya mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa achane mistari. Nilifika wimbo wa sita nikarudi kwenye mambo yangu. Ilipita karibu mwaka ndipo nikarudi kwake, na safari hiyo niliingilia kwingine kabisa.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili. Watu wengi huanza na albamu inayosifiwa kuliko zote. Wengine wanafuata tarehe, ya kwanza kutoka hadi ya mwisho. Kwa DOOM njia zote mbili zinachosha, kwa sababu mtu huyu alijigawa katika wahusika wengi, na nyuma ya mizaha yao kuna msiba mmoja ambao hauonekani mpaka uwe umeshamzoea. Kwa hiyo tutaanza na kicheko.

Mjue kidogo kwanza

Jina lake ni Daniel Dumile. Alizaliwa London mwaka 1971, baba Mzimbabwe na mama wa Trinidad, akakulia Long Island, pembeni mwa jiji la New York. Jina la ukoo lina utamu wake kwa sisi wa lugha za Kibantu. Katika Kizulu na Kindebele, duma ni kunguruma, na pia ni kupata sifa, kama vile vuma yetu inavyobeba upepo na umaarufu kwa pamoja. Aliyeitwa kwa jina la kuvuma ndiye aliyekuja kuficha uso.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kwenye kundi la KMD pamoja na mdogo wake Dingilizwe, aliyejulikana kama DJ Subroc. Yeye mwenyewe alijiita Zev Love X. Walitoa albamu ya kwanza, Mr. Hood, mwaka 1991 chini ya lebo ya Elektra. Aprili 1993, wakati albamu ya pili inakaribia kwisha, Subroc aligongwa na gari akafariki. Mwaka uliofuata lebo ikakataa kuitoa albamu hiyo, Black Bastards, kwa sababu ya picha ya jalada. Dumile mwenyewe ndiye aliyeichora: kikaragosi cha mtu mweusi, cha aina ile waliyoitumia wabaguzi kudhihaki, kikiwa kinanyongwa. Ndani ya mwaka mmoja akawa hana ndugu na hana mkataba. Akatoweka jukwaani.

Aliporudi, yapata mwaka 1997, alionekana Nuyorican Poets Café huko Manhattan, ukumbi wa washairi ambako yeyote anaweza kupanda jukwaani. Alichana huku kajifunika uso kwa soksi ya nailoni. Baadaye soksi ikawa barakoa ya chuma, kwa mfano wa Doctor Doom, yule adui katika vitabu vya picha vya Marvel. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaelewa mpangilio: kuna stelingi na kuna adui. Kila rapa wa wakati ule alitaka kuwa stelingi, na DOOM akachukua nafasi ya adui.

Hapa niweke sawa neno moja, maana kwetu linachanganya. Ukisema "msanii andagraundi" Dar es Salaam, wengi wanaelewa chipukizi, mtu ambaye bado hajatoka. DOOM hakuwa chipukizi. Alikuwa ameshatoka, ameshaonja lebo kubwa, ikamtema. Uandagraundi wake ulikuwa namna ya kufanya kazi. Nyimbo zake za kwanza za marejeo zilitoka kwenye Fondle 'Em, lebo ndogo ya mtangazaji Bobbito Garcia, kwa santuri chache zilizopita mkono kwa mkono. Redio kubwa hazikumhitaji, naye hakuandika kwa ajili yao.

Inatosha kwa sasa. Usiende kutazama makala za maisha yake kabla hujasikia muziki; ukijua yote mapema utakuwa unasikiliza hadithi ya mtu badala ya mistari yake.

Andaa simu, bando na masikio

Jambo la kwanza ni majina. Ukitafuta "MF DOOM" peke yake kwenye programu ya muziki utapata labda nusu ya kazi zake. Andika pembeni: MF DOOM, DOOM, Madvillain, Viktor Vaughn, King Geedorah, DANGERDOOM, JJ DOOM, Metal Fingers, na KMD. Wote ni yeye, peke yake au na wenzake.

La pili, jihadhari na michanganyiko ya mashabiki. Sauti yake imepachikwa juu ya biti za kila mtu, na nyingi kati ya hizo zimewekwa mtandaoni kana kwamba ni kazi mpya. Nyingine ni nzuri kweli, ila mgeni anayezianza anaweza kumjua DOOM ambaye hakuwahi kuwepo. Tafuta albamu nzima yenye jalada lake na orodha ya nyimbo iliyokamilika.

La tatu, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Baadhi ya akaunti za bure hukuchanganyia utake usitake, na kwa DOOM hilo ni balaa, kwa sababu vipande vya katuni na filamu za kale alivyovipanga kati ya nyimbo ndivyo vinavyosimulia. Kama huna akaunti ya kulipia, ni afadhali utafute albamu yote kama video moja ndefu, uilaze simu kifudifudi usikilize. Kwa upande wa bando hakuna mzigo mkubwa: sauti ya ubora wa kawaida, kilobiti 160 kwa sekunde, inakula kama MB 1.2 kwa dakika, hivyo albamu ya dakika 46 haifiki MB 60. Ipakue mara moja ukiwa kwenye WiFi, uirudie bure.

Na hedifoni ziwe mbili zinazofanya kazi. Natania kidogo, lakini ndivyo. Biti nyingi hapa zimejengwa kwa besi ya chini na mikwaruzo ya santuri ambayo spika ya simu inaimeza.

Kwa wenye watoto sebuleni: kuna matusi, pombe na bangi humu.

Ingia kwa MM..FOOD

Albamu hii ilitoka Novemba 2004 kwa lebo ya Rhymesayers. Tazama jina lake kisha tazama jina lake yeye: MM..FOOD ni herufi zilezile za MF DOOM zilizopangwa upya. Nyimbo 15, karibu zote zimepewa majina ya vyakula au vinywaji, na vyakula hivyo ni mafumbo. Ndiyo sababu naiweka mbele. Msikilizaji mgeni anahitaji kitu cha kushika, na hapa kuna mada moja inayorudi.

Anza na wimbo wa kwanza, Beef Rapp. Kwetu bifu ni ugomvi wa wasanii, neno tumelichukua likiwa hivyohivyo, kwa hiyo utani umeshaupata kabla ya mstari wa kwanza: nyama na ugomvi kwenye sahani moja. Humo anawacheka marapa wanaovua mashati kwenye video badala ya kuandika. Baada ya hapo ruka moja kwa moja hadi Rapp Snitch Knishes, anaochana na Mr. Fantastik. Gitaa lake utalikumbuka siku nzima, na hoja yake inachekesha hata ukielewa robo: kuna marapa wanaotangaza uhalifu wao kwenye nyimbo, halafu wanashangaa polisi wamejuaje. Kisha Deep Fried Frenz, kuhusu marafiki wa uongo. Hizi tatu zisikilize kwa siku tatu, moja kwa siku, uzirudie.

Siku ya nne sikiliza albamu yote kwa mpangilio. Katikati utakutana na vipande vinne mfululizo ambavyo DOOM hachani kabisa, sauti za katuni tu zimekatwa na kuungwa juu ya biti. Wageni wengi hudhani albamu imeharibika. Vumilia mara ya kwanza. Mara ya pili, ukitaka, ruka. Mimi hadi leo naviruka nikiwa na haraka, na sioni aibu.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo lingeniokolea muda kama mtu angeniambia mapema. DOOM anajizungumzia kana kwamba ni mtu mwingine. Anasema "yeye", anasema "yule mhalifu", na ukiwa mgeni unaanza kutafuta huyo mtu ni nani. Ni yeye. Barakoa inafanya jambo fulani, na anayesimulia amesimama pembeni akiitazama.

Ukifika Kon Karne, sikia anavyofungua kwa kumtaja Subroc. Ni sekunde chache, kisha utani unaendelea. Weka alama hapo.

Jifunze kusikia vina vyake

Wengi wetu tunaosikiliza kwa Kiswahili tunaogopa hip hop ya namna hii kwa sababu ya Kiingereza. Ni kweli kwamba lugha yake ni ngumu. Amejaza misemo ya mitaa ya New York, majina ya vipindi vya televisheni vya miaka ya 1970, vibonzo, bidhaa za dukani ambazo hazijawahi kufika Kariakoo. Hata Wamarekani hukaa wakibishana. Lakini tuna mtaji ambao hatuutumii. Aliyefundishwa shairi darasani, mizani nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vina vya mwisho, ameshafunzwa kusikia kile ambacho DOOM anakifanya.

Tofauti iko kwenye urefu wa kina. Kwa Kiswahili silabi karibu zote zinaisha kwa irabu, hivyo kina cha silabi moja ni rahisi mno. Kila mtu anaweza kuunga "-ma" na "-ma". Fundi anaonekana anapounga silabi nne au tano kwa mpigo. Chukua maneno haya niliyoyapanga mwenyewe: "kofia ya chuma" na "njia ya nyuma". Si "-ma" tu inayojibizana. Ni i-a-ya-u-a nzima. Sasa fikiria mtu anayefanya hivyo kwa mistari minane bila kupumzika, tena vina vinaanguka katikati ya mstari, mwanzoni, popote, huku maana inaendelea kama mazungumzo ya kawaida. Huyo ndiye DOOM.

Zoezi lenyewe ni hili. Chagua wimbo mmoja, napendekeza Figaro kutoka Madvillainy (albamu hatujaifikia, ila wimbo huu ni darasa). Sikiliza ubeti wa kwanza bila kusoma chochote. Usitafute maana. Chukua karatasi uandike irabu tu unazozisikia zikijirudia, kwa tahajia ya Kiswahili, kama mtoto anayeandika imla: a-i-o, a-i-o. Utaona safu zinajipanga. Rudia mara ya pili ukiwa na maneno ya wimbo mbele yako, uweke mstari chini ya kila silabi inayounga. Hapo utagundua uliyoyakosa, hasa pale anapolivuta neno au kulitamka kivivu ili likae kwenye kina. Mara ya tatu ndipo utafute maana ya maneno usiyoyajua, na hata hapo usitafute yote. Matano yanatosha kwa siku.

Nilifanya zoezi hili kwa jioni mbili na tangu hapo sauti ile ya usingizini ikabadilika masikioni mwangu. Jamaa hakuwa amelala. Alikuwa anazungumza taratibu ili asilazimike kukazia kina. Anakiacha kianguke chenyewe, kama malenga mzee asiyehitaji kupaza sauti barazani.

Kwa wachanaji wenyewe wanaosoma hapa: jaribuni kuandika mistari minne ya Kiswahili kwa vina vya silabi nne, kisha mje mseme madini ni nini.

Rudi nyuma hadi Operation: Doomsday

Sasa una sikio. Rudi mwaka 1999, kwenye albamu yake ya kwanza akiwa na barakoa. Ukitoka MM..FOOD utashtuka kidogo: sauti ya kurekodia ni chafu, mchanganyo wa sauti hauko sawa, wimbo mmoja uko juu na mwingine uko chini. Ilitengenezwa kwa nyenzo chache na inajulikana tu. Mimi naipenda hivyo.

Sikiliza alivyochagua sampo, yaani vipande vya nyimbo za zamani anavyovikata na kuvizungusha. Wakati marapa wenzake wa andagraundi walitafuta biti ngumu na giza, yeye alichukua muziki laini wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ule uliopigwa sana kwenye redio zetu na kwenye kumbi za harusi. Wimbo wa Doomsday umejengwa juu ya Sade. Rhymes Like Dimes umejengwa juu ya kazi ya Quincy Jones. Msikilizaji wa hapa ana bahati, kwa sababu Sade tunamjua. Pengine ndiyo albamu ya DOOM ambayo mama yako ataanza kuitikia kichwa jikoni kabla hajajua ni nini.

Kati ya nyimbo kuna vipande vya katuni ya Fantastic Four vinavyosimulia habari za Doctor Doom. Vifuate, ndivyo vinavyoeleza kwa nini mtu aliyeungua uso anarudi kulipiza kisasi. Halafu sikiliza kiitikio cha Doomsday kwa makini. Anataja kaburi lake mwenyewe na mahali alikokwenda mdogo wake. Na mbele zaidi kuna wimbo ambao jina lake ni alama ya kuuliza tu, anaochana na Kurious. Ubeti wa DOOM humo anaongea na Subroc moja kwa moja, anamweleza kwamba picha yake bado anayo. Hakuna kilio. Anaongea naye kama mtu aliyesafiri.

Nikiwa mkweli, kama ningekuambia uanze na albamu hii, wimbo huu usingekugusa. Ungeupita kama ubeti mwingine wa jamaa mwenye sauti nzito.

Sasa Madvillainy

Ilitoka Machi 2004 chini ya Stones Throw ya California. DOOM anachana, biti ni za Madlib, na kwa pamoja wanajiita Madvillain. Nyimbo 22 ndani ya dakika 46. Nyingi haziifikii dakika ya tatu, Accordion haifiki hata ya pili. Viitikio karibu havipo.

Kilichonifukuza kwenye daladala ndicho kilichonirudisha. Ukishazoea DOOM asiye na haraka, ukosefu wa kiitikio unakuwa raha: hakuna mahali pa kupumzika kwa hiyo husikilizi ukisubiri kiitikio, unasikiliza mstari uliopo. Wimbo unaisha ungali unautaka. Wapishi wa pwani wanajua kupakua kidogo.

Inasaidia kujua ilivyotengenezwa. Madlib alikwenda Brazil mwaka 2002, akanunua santuri za huko kwa wingi, na sehemu ya biti hizi alizitengeneza chumbani hotelini São Paulo kwa mashine ndogo ya kukatia sampo, kichezesha santuri cha kubeba na kinasa kanda. Ndiyo maana unasikia vinanda na sauti za Kibrazili zikipenya: Curls imetoka kwa Waldir Calmon, Rhinestone Cowboy kwa Maria Bethânia. Toleo la majaribio likavuja mtandaoni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya albamu kutoka. Wawili hao wakaiacha kwa muda wakafanya mambo mengine, na waliporudi DOOM akarekodi upya sehemu kubwa kwa sauti ya chini zaidi, tulivu zaidi. Toleo lile lililovuja bado linapatikana. Siku moja linganisha: mistari ileile, moja imesemwa na kijana mwenye pumzi na nyingine na mzee aliyeketi. Ni somo la bure kuhusu uchaguzi wa sauti, na linampa raha hata asiyeelewa Kiingereza.

Namna ya kuisikiliza: usiku, mara moja yote, bila kugusa simu. Usichague nyimbo. Siku inayofuata rudia, na sasa simama kwenye hizi: Accordion, Meat Grinder, Raid, Figaro, All Caps. Kisha Fancy Clown, ambao ni lazima niueleze. Anayechana ni Viktor Vaughn, mwenye hasira kwamba mpenzi wake anatoka na mwanamume mwingine. Huyo mwingine ni MF DOOM. Ni mtu mmoja amejifumania. Kama hukujua majina yake utaupita wimbo huu bila kucheka, na ndiyo sababu nilikuandikia orodha ile mwanzoni.

Video ya All Caps imechorwa kama kitabu cha picha, itazame. Humo ndimo wengi walipojifunza kwamba jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa zote.

Wale wengine

Hapa unaweza kwenda unakopenda, sitakushika mkono sana.

Viktor Vaughn, albamu ya Vaudeville Villain ya 2003, ni kijana msumbufu aliyesafiri katika wakati akakwama New York. Biti zake ni baridi, za kielektroniki, na anachana kwa kasi zaidi. Anayependa hip hop ngumu aanzie hapa. King Geedorah, mwaka huohuo, ni dude lenye vichwa vitatu kutoka filamu za Godzilla. Kwenye Take Me to Your Leader DOOM anatengeneza biti nyingi na kuwaachia wengine mistari. Kwangu ndiyo kazi yake bora kama prodyuza, na wengi watabisha. DANGERDOOM, yaani The Mouse and the Mask ya 2005 pamoja na Danger Mouse, ni nyepesi na ya kufurahisha ila imefungamana na katuni za Adult Swim, za televisheni ya Marekani, ambazo wengi wetu hatukuziona, hivyo utani mwingi unapotea njiani.

Born Like This ya 2009 ni DOOM mwenye sauti iliyokwaruza, giza zaidi. Mwaka 2010, baada ya ziara ya Ulaya, alizuiwa kurudi Marekani, nchi aliyokulia bila kuwahi kupata uraia wake, akabaki Uingereza. Key to the Kuffs ya 2012, aliyofanya na Jneiro Jarel kwa jina la JJ DOOM, inanuka uhamisho huo kila kona. Isikilize ukiwa mbali na kwenu. Baada ya hapo kazi zake za pamoja ni za kuokoteza. Nyimbo nzuri zipo, albamu nzima sikushauri kwa haraka.

Utasikia pia habari za matamasha ambayo aliyepanda jukwaani na barakoa hakuwa yeye. Ni kweli, ilitokea miaka ya 2000 zaidi ya mara moja, na mashabiki waliolipa viingilio walikasirika. Alilitetea kwamba mhusika anaweza kuchezwa na yeyote. Ni hoja ya kisanaa, sawa, lakini aliyelipia tiketi alikuwa na haki ya kuzomea.

Alifariki tarehe 31 Oktoba 2020 huko Leeds. Dunia haikujua mpaka tarehe 31 Desemba, mke wake alipotangaza.

Biti bila maneno

Kwa jina la Metal Fingers alitoa mfululizo wa biti tupu unaoitwa Special Herbs, na karibu kila biti imepewa jina la kiungo au mti wa dawa. Kuna zafarani, kuna uwatu, kuna giligilani, kuna manemane. Mtu wa Unguja atadhani kaingia sokoni Darajani. Nyingi utazitambua kutoka kwenye albamu zake. Zina kazi tatu: kusikilizia ukiwa kazini, kujifunza jinsi kipande kidogo cha santuri kinavyoweza kuzunguka dakika tatu bila kuchosha, na kuchania. Washa Saffron, weka daftari mezani.

Mwisho, KMD

Hatua hii watu huiruka, au huianza mapema wakaiona ya kitoto. Iache mpaka uwe umemzoea mzee mwenye barakoa.

Tafuta video ya Peach Fuzz, kutoka Mr. Hood. Ndani yake kuna kijana mwembamba anayechana kuhusu ndevu ambazo hazijaota vizuri. Uso wote uko wazi, anacheka, sauti ni nyembamba na ina haraka. Tazama mara ya kwanza kwa kumtafuta yeye. Kisha sikiliza Black Bastards, ambayo ilikuja kutoka rasmi miaka kadhaa baada ya kukataliwa, ujue kwamba mikono iliyotengeneza sehemu ya biti hizo ilikuwa ya Subroc. Ukimaliza, fungua tena ule wimbo wa alama ya kuuliza.